Wadogo zangu mnaochora nyumba za bei nafuu, tusikilizane

Wiki hii nimepitia ramani tatu za vijana wetu na zote zina kosa lile lile, nyumba imebanwa tu. Sebule ile ile, vyumba vile vile, mpaka mlango unagonga kitanda. Jamani, nyumba ya mtu wa kipato cha chini si nyumba ya tajiri iliyosinyaa!

1. Jiko na bafu vikae mgongo kwa mgongo, mabomba yapungue. Mnalijua hili, fanyeni tu.

2. Chora nyumba itakavyokuwa mwaka wa kumi, wenyewe wakishaipanua. Hapa niwaeleze yangu maana bado yananiuma. Mradi wangu wa kwanza, dirisha la chumba cha watoto nililiweka ukuta wa nyuma, kwenye uwazi, nikaona nimemaliza. Miaka mitatu baadaye narudi nakuta karibu kila familia imeongeza chumba, na pa kuongezea palikuwa hapo hapo nyuma, kwa hiyo dirisha langu sasa linatazama ndani ya chumba kingine. Mama mmoja akanikaribisha, saa sita mchana, akawasha tochi ya simu atafute shati la mtoto. Juu ya kitanda ukungu mweusi, kapaka rangi mara mbili na bado unarudi. Hakunilaumu, alikuwa ananionyesha chumba chake kipya kwa furaha, na mimi nimesimama pale najua kabisa ningelisogeza lile dirisha ukuta wa ubavuni, kwa gharama ile ile, mtoto angepata hewa. Fundi wake hakukosea. Nilikosea mimi.

Ndiyo maana nawasumbua na Quinta Monroy, mradi wa nyumba za bei nafuu kule Iquique, Chile. Msanifu majengo Alejandro Aravena na wenzake wa kampuni ya Elemental walipewa ruzuku ya dola 7,500 kwa familia, humo humo kuna ardhi, miundombinu na nyumba yenyewe. Hawakubana, walijenga nusu, ile inayomshinda mtu kujijengea: jiko, bafu, ngazi, kuta kuu. Nusu nyingine wenyewe wakajazia. Msiige picha tu, angalieni jinsi upanuzi ulivyopangiwa mahali pake toka siku ya kwanza.

3. Nondo za kuunganishia upanuzi wa baadaye mkiziacha nje zifunikeni kwa zege hafifu, zisiliwe na kutu.

4. Kakaeni kwa watu, siyo dakika kumi za kupiga picha, kaeni toka watoto wanarudi shule mpaka magodoro yanatandikwa. Mtaona meza moja hiyo hiyo ni ya kulia, ya kusomea, na ya cherehani inayolipa kodi. Kwenye zile ramani tatu sijaona cherehani inakaa wapi. Zichoreni upya, nazisubiri Ijumaa.