Fidia ya mhanga wa uhalifu Uingereza: aliyekupiga asipokamatwa, unalipwa?

Mkuu, umeuliza kuhusu mdogo wako aliyepigwa na vijana asiowajua huko Leeds. Polisi wamefunga faili bila kumkamata mtu, na wenzake wanamwambia fidia haipo mpaka mtu afungwe. Si kweli. Mimi nilivunjwa taya kituo cha basi Birmingham nikitoka zamu ya usiku. Mpaka leo hajakamatwa mtu, na fidia nililipwa.

Nyumbani tumezoea fidia kuamriwa na hakimu baada ya mshtakiwa kutiwa hatiani, tena itoke mfukoni mwake. Huku, kwa England, Wales na Scotland, inalipa serikali kupitia taasisi inayoitwa CICA, kwa utaratibu wa mwaka 2012. Northern Ireland wana wa kwao. CICA hawasubiri hukumu. Wanaangalia ushahidi uliopo na kujiuliza kama ni rahisi zaidi kuamini kwamba uliumizwa kwa ukatili kuliko kutoamini.

Wanapokaza ni kwenye polisi. Lazima tukio liwe limeripotiwa mapema kadiri ilivyowezekana, na mhanga awe ameshirikiana nao kadiri ya uwezo wake ili mhalifu afikishwe kwenye sheria. Hapa watu wetu wengi wanapotea. Bongo tumezoea ukipigwa unaanzia polisi kuchukua PF3, ile fomu ya polisi ya kupeleka hospitali, ndipo utibiwe. Huku unakwenda hospitali moja kwa moja, unashonwa, unarudi nyumbani, na unaamini karatasi za hospitali zinatosha. Hazitoshi. Kumwambia bosi wako au mchungaji pia si kuripoti.

Na ushirikiano hauishii kwenye kuripoti. Askari alinifuata wodini, nikamjibu kwa kuandika maana mdomo haukufunguka. Baadaye nikaitwa kutoa maelezo rasmi, nikaomba mkalimani wa Kiswahili, wakamleta. Kisha kimya kirefu. Nilipohama nyumba niliwaandikia barua pepe yenye namba ya kesi, anwani mpya na simu mpya, nikauliza wamefikia wapi. Nilifanya hivyo makusudi. CICA wanawauliza polisi wenyewe jinsi ulivyoshirikiana, na sikutaka kwenye faili langu paandikwe kwamba mhanga alitafutwa hakupatikana. Polisi wakishindwa kumpata mhalifu, hilo haliwi kosa lako. Ukiacha kupokea simu zao, hapo mzigo ni wako.

Kinachoniuma zaidi ni yale mambo ya "tuyamalize wenyewe". Namjua dada mmoja wa kwetu aliyepigwa na mtu wa jamii yetu. Wazee wakamkalisha kikao, akaenda kuwaandikia polisi kwamba hataki kuendelea. Ombi lake la fidia likakataliwa, na yale makovu amebaki nayo yeye, hao wazee hawana hata moja. Kama mtu anaogopa kulipiziwa kisasi, awaambie polisi hofu yake na iandikwe, kuliko kujiondoa kimya kimya.

Mengine kwa ufupi. Muda wa kuomba ni miaka 2 tangu tukio, ila kwa waliodhurika wakiwa watoto hesabu ni tofauti. Kuomba ni bure. Wakili si lazima, na wengi wao watataka sehemu ya hela yako. Malipo ya majeraha yanaanzia pauni 1,000 hadi 250,000, na ukijumlisha yote hayavuki 500,000. Mshahara uliopotea ndani ya wiki 28 za mwanzo haufidiwi. Mwenye kosa la zamani ambalo bado liko hai kwenye rekodi anaweza kukatwa sehemu ya malipo au kunyimwa kabisa. Wanataka pia uwe ulikuwa mkazi wa Uingereza siku ya tukio, au uwe kwenye makundi mengine wanayoyataja. Asiye na karatasi za kuishi huku aongee kwanza na mwanasheria wa uhamiaji.

Kwa hiyo mdogo wako apige 101 leo, namba ya polisi kwa mambo yasiyo ya dharura, apewe namba ya kesi kama hanayo, awape simu yake ya sasa na kuwaambia yuko tayari wakimhitaji tena. Kisha ajaze fomu ya CICA mtandaoni, asingoje faili lifunguliwe upya. Wakimkatalia, ana siku 56 za kuomba uamuzi uangaliwe tena. Akikwama, Victim Support, shirika la kusaidia wahanga wa uhalifu, wanasaidia bure.