Nakala moja ya kila usiku haitoshi

Mtu akiniambia ana bekapu, yaani nakala ya akiba ya mafaili yake, humuuliza: ukilitaka faili kama lilivyokuwa Jumanne ya wiki iliyopita, utalipata? Wengi hukwama hapo. Wana diski ya nje ambayo kila usiku nakala mpya huandikwa juu ya ile ya jana. Faili likiharibika mchana, usiku linanakiliwa na uharibifu wake, na lile zima linafutika.

Katika ofisi ninayoihudumia, mhasibu aliwahi kukuta safu nzima imefutwa kwenye faili la mishahara, na ilikuwa imefutwa wiki kadhaa nyuma. Tulilipata kwa sababu nakala zetu huenda kwa mzunguko. Natumia rsnapshot, programu ya bekapu, kwenye mfumo wa Linux: inatunza nakala 7 za siku, 4 za wiki na 6 za mwezi, na ya zamani kabisa huondoka kuipisha mpya. Usihofu kwamba diski itajaa upesi. Faili ambalo halijabadilika halinakiliwi tena. Nakala zote huelekea kwenye data ileile, hivyo nafasi inayoongezeka kuliwa ni ya mafaili yaliyobadilika tu.

Kwenye faili la mipangilio ya rsnapshot, tenganisha maneno kwa kitufe cha Tab. Ukitumia nafasi ya kawaida, programu itakataa. Ratiba iachie cron, programu ya Linux inayoendesha kazi kwa saa ulizopanga, lakini kama kompyuta huzimwa usiku, tumia anacron, kwa kuwa cron hairudii kazi iliyopitwa na saa yake. Hifadhidata ya MySQL iandikwe kwanza kwenye faili la pembeni kwa programu ya mysqldump, kisha ndipo faili hilo linakiliwe. Ukinakili mafaili ya hifadhidata yenyewe huku inaandikwa, huenda yasifunguke.

Kinachonisumbua zaidi ni watu kuamini bekapu ambayo hawajawahi kuijaribu. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni inayowahifadhia watu msimbo wa programu mtandaoni, alifuta data ya seva kuu kimakosa. Walipoigeukia bekapu ya kila siku, haikuwepo: pg_dump, programu ya kunakili hifadhidata ya PostgreSQL, ilikuwa ya toleo la 9.2 na ikigoma mbele ya hifadhidata ya toleo la 9.6, na barua pepe za kuwatahadharisha zilikuwa zikikataliwa njiani. Waliokolewa na nakala iliyochukuliwa kwa mkono yapata muda wa saa 6 kabla ya kosa hilo.

Kwa hiyo kila mwezi chagua mafaili machache, yarejeshe kwenye folda nyingine, uyafungue uyasome. Na diski moja ikae nje ya jengo, ikiwa imechomolewa, mahali ambapo moto, mwizi na virusi havitaifikia.