Jibu: Nyotamkia hafifu haionekani hata nikiacha kamera wazi dakika tano

Tatizo ni kwamba nyotamkia inatembea. Ukiacha kamera wazi dakika zote hizo, nuru yake inatawanyika na kumezwa na mwanga wa anga. Piga picha nyingi za sekunde 30 au 60, kisha ziunganishe kwa kufuata mwendo wake. Nyota zitageuka vistari, usishtuke. Astrometrica, programu ya kompyuta ya kupimia nafasi za vitu vya angani, hulinganisha nyota hizo na katalogi (orodha ya nafasi za nyota), Gaia kwa mfano, kwenye kila picha kabla ya kuunganisha.

Kwenye kupima nafasi ya nyotamkia, weka duara dogo la kupimia juu ya kitone cha kichwani mwake. Likiwa pana, mkia utavuta kipimo upande wake. Na saa ya kompyuta, jamani! Ikipotoka sekunde kadhaa, nyotamkia yenye kasi inakuwa imeshasogea, na Minor Planet Center, kituo cha kimataifa kinachokusanya vipimo vya nyotamkia na asteroidi, wanapokea nafasi isiyo yake.