Samaki bapa wa vijitoni, tangi la Kigoma

SWALI: Shikamoo mama. Nina tangi la kioo la lita 100 hapa Mwanga, maji nachota ziwani. Kaka yangu wa Dar ameniahidi wale samaki bapa wa Asia wanaokwangua mwani. Watakaa?
Msomaji, Kigoma

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwambie kaka asilete. Samaki hao, kama Sewellia lineolata wa Vietnam, wamezoea vijito vya mbio vyenye maji ya nyuzi 20 hadi 24. Ziwa Tanganyika kwa juu ni nyuzi 25 hivi au zaidi, na pH, yaani kipimo cha ukali wa maji, inakaribia 9. Maji yakipata joto hewa hupungua, nao wataanza kuhema. Pampu kubwa itaongeza hewa, lakini joto litabaki palepale.

Mimi nakusihi umtazame samaki Eretmodus, wa hapahapa kwetu. Nenda penye mawe mawimbi yanapopiga, uchungulie. Macho yake yapo juu ya kichwa, na kibofu chake cha hewa ni kidogo, kwa hiyo haelei: anarukaruka juu ya jiwe, anatulia, anakwangua. Mayai jike huyabeba mdomoni, kisha dume humpokea. Uzuri ulioje!

Kabla ya kumvua, muulize ofisa uvuvi. Panga mawe mengi, taa iwake ili mwani uote, mwani ukipungua mpe mchicha uliochemshwa kidogo. Weka wawili tu, dume na jike, maana wakizidi kwenye lita 100 watapigana.