Watoto wako likizo Tanga? Anzeni Amboni
Dada, umeuliza uwapeleke wapi wanao likizo hii ya Desemba hapa Tanga. Anza na Mapango ya Amboni, kilomita 8 hivi kutoka mjini, barabara ya Horohoro. Nendeni asubuhi jua halijawa kali, wavae viatu visivyoteleza, kila mmoja na tochi yake. Kitinda mimba wangu alining'ang'ania kanga popo walipoanza kulia juu yetu, halafu yeye ndiye aliyekataa kutoka! Jioni shukeni ufukweni Raskazone mkaogelee, ila ulizia kwanza saa ya maji kujaa, yakipwa mtayafuata mbali. Magofu ya Tongoni, njia ya Pangani, ni mazuri mno, lakini wapeleke wale wakubwa wanaopenda kusimuliwa mambo ya kale.