Roma ya Cuarón: sifa zile inazistahili?

Mkuu, umeuliza kama Roma (2018), ya mwongozaji Alfonso Cuarón wa Mexico, ni filamu kweli au ni kelele za wakosoaji tu, maana wewe uliizima baada ya nusu saa. Kwangu inastahili, ila waliokuahidi kilio mwanzo mwisho wamekuponza. Nusu saa ile ni dada wa kazi, Cleo, anadeki, anafua, anawalaza watoto wa bosi. Picha haina rangi, hakuna muziki wa kukuelekeza wapi usikitike, na kamera inageuka polepole mno. Inachosha, sikatai.

Lakini bila utaratibu ule, tukio la duka la samani lisingekuchoma. Cleo ni mjamzito, amekwenda na bibi wa watoto kutafuta kitanda cha mtoto, mara mauaji ya wanafunzi ya Juni 1971 jijini Mexico yanaingia mpaka dukani. Kisha hospitali. Pale niliisimamisha nikaenda kunywa maji. Na Yalitza Aparicio, anayemwigiza Cleo, hakuwa mwigizaji kabla ya hapo, alisomea ualimu!

Lawama yangu ni moja: uchungu wa Cleo tunauona, mawazo yake hatuyasikii. Huyu binti anataka nini maishani? Filamu haiulizi sana. Ilichukua Oscar tatu, na ile ya mwongozaji sina ubishi nayo.

Irudie usiku, kwenye televisheni yenye spika nzuri. Kwa simu utapoteza bando bure.