Jibu: Wasifu wa baba aliyekuwa wakili

Pole sana ndugu yangu kwa msiba. Umeuliza wasifu wa mzee wako utakaosomwa mazishini uanze na uwakili au familia. Anza nyumbani. Wasifu wa baba yangu, naye wakili, tuliujaza shule na vyeo. Hadi leo naumia kwamba hatukusema alivyokuwa akitoka Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, anapitia soko la Feri kununua samaki, kisha anakaa nasi mezani kukagua madaftari, joho lake jeusi la uwakili likining'inia nyuma ya mlango. Huyo ndiye baba tuliyemjua. Mwaka alioapishwa uwakili ni sentensi moja tu. Mawakili wasomi wenzake watakaokuja wanaujua. Mengine muulize mama, ila mwache apumzike kidogo kwanza.